Si kila homa hutaka chupa ya maji

Umfikishapo mtoto mwenye homa kali hospitalini, jicho lako hutafuta chupa ya maji. Isipotundikwa, waona mwanao hajatibiwa.

Maji hayo hupita mshipani hadi moyoni. Mgonjwa aliyepasuliwa moyo huwekewa mpira mwembamba katika mshipa wa shingo, upimwe msukumo wa damu irudiyo moyoni. Ukipanda mno, huenda moyo umelemewa. Lakini namba hiyo peke yake haimwambii daktari aongeze maji kiasi gani. Na katika wodi nyingi za watoto hata mpira huo haupo. Daktari hutegemea macho, vidole na saa.

Hapo ndipo utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa kituo cha KEMRI-Wellcome, Kilifi, ulipowashtua wengi. Ulianza 2009 Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vyema waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya waliomiminiwa maji ya chumvi au albumini kwa haraka, takriban 105 katika kila 1,000 walifariki ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 73. Ulisimamishwa mapema, 2011. Ungedhani mapafu yalijaa maji, sivyo? Uchambuzi wa 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na kuporomoka kwa mzunguko wa damu.

Angalia lakini: watoto wa kuhara hawakuwamo. Aliyekaukiwa kwa kuhara anahitaji maji, tena upesi. Mwingine, usimshurutishe muuguzi atundike chupa. Ikitundikwa, muulize ni ya nini, na yaenda kwa kasi gani.