Mvumo kwenye diski za wazee: unatoka wapi, na tunaukamata namna gani



Tangu tuanze kuhamisha diski za wazee kwenye kompyuta, ulizo moja linanirudilia kila juma: «Mbona rumba inalia vizuri, lakini nyuma yake kuko "mmmm" kama nyuki ndani ya chupa?» Wengi wanajibu haraka: ampli imezeeka, tununue ingine. Mimi nasema ngoja kwanza, mara mingi ampli haina kosa. Lakini usirekodi na mvumo ule. Ukishaingia kwenye rekodi, kuutoa kunakula na besi ya gitaa. Na kila mara sindano inapopita, diski inakwisha kidogo.

Kwanza tuelewe sababu. Kichwa chenye sindano kinatoa umeme mdogo sana, kama milivolti 5 hivi. Pre-ampli inaukuza karibu mara 100. Tena, wakati wa kukata diski kiwandani, besi inapunguzwa ili mifereji isichukue nafasi mingi. Wakati wa kuisoma, pre-ampli inairudisha. Kwenye hertz 50, nyongeza hiyo ni kama mara 7. Na umeme wetu wa nyumbani unatikisika mara 50 kwa sekunde! Piga hesabu: 100 mara 7 ni 700. Njo maana uchafu kidogo wa umeme, ambao kwa redio hatuusikii, kwa diski unajaza nyumba.

Sasa tusikilize, juu kila kelele ina sauti yake. «Mmmm» nzito ni waya wa masa au transfoma iliyo karibu. «Zzzz» kali ni shaja, taa za LED, au mashine ya sola inayogeuza umeme wa betri. «Tiki-tiki» inayokuja kwa vipindi ni simu: itoe juu ya meza. «Shhh» laini ni pre-ampli yenyewe.

Halafu tafuta kwa utaratibu. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na ushushe volimu mpaka chini mbele ya kugusa fishi yoyote, usije ukaua bafle.

1. Inua sindano. Kelele ikipotea, inatoka kwa diski, kwa mota, au bafle ziko juu ya meza moja na mashine na zinaitikisa.

2. Geuza ampli kwenye redio. Mvumo ukibaki, hapo ndiyo ampli tunaishuku. Ukipotea, tafuta upande wa mashine ya diski.

3. Tazama waya mwembamba unaotoka nyuma ya mashine. Ule njo waya wa masa. Uparuze ncha yake, uukaze kwenye skrubu ya masa ya ampli.

4. Mvumo uko kwa bafle moja tu? Badilishana fishi ya kushoto na ya kuume. Ukihamia bafle ingine, shida iko kwa kichwa au nyaya za mashine. Ukibaki palepale, iko kwa ampli.

5. Diski ikiwa imesimama, peleka mkono polepole kuelekea katikati, bila kushusha sindano. Mvumo ukipanda au kushuka, kichwa kinakamata sumaku ya mota au ya transfoma. Sogeza mashine mbali na ampli, hata nusu metre.

6. Chomoa shaja ya kompyuta, uitumie na betri. Kukinyamaza, ni mzunguko wa masa: vyombo viwili vimeungana kwa njia mbili.

Mwezi uliopita, kwa rafiki mmoja mwenye diski za Franco na OK Jazz alizoachiwa na baba yake, fundi alikuwa amekwisha kuomba bei ya ampli ingine. Tulipofika namba 3, tulikuta waya wa masa unaning'inia chini ya meza. Kuukaza kuliondoa karibu mvumo wote. Kidogo kilichobaki kiliisha kwa namba 6. Hakuna hata franka moja iliyotoka.

Neno la mwisho, na hili si la mchezo. Kuna wanaokata mguu wa tere kwenye fishi ya ukutani ili mvumo unyamaze. Kweli unaweza kunyamaza. Lakini siku waya wa ndani ukigusa bati la ampli, bati lile linabeba volti 220, na mtu wa kwanza kuligusa njo anakuwa njia ya umeme. Anaweza kuwa mtoto. Waya wa masa tunaugusa. Tere ya ukutani tunaiacha. Kama mvumo unakataa, chomeka vyombo vyote kwenye multiprizi moja, au tia transfoma ndogo ya sauti kati ya ampli na kompyuta.

Basi, wenye wazee wenye diski, anzeni mapema, wakati wangali wanakumbuka nani anapiga gitaa katika kila wimbo.