Utumishi ni Amana: Funzo kutoka Nzaui na Mulango

Ibada ya Jumapili ikiisha katika makanisa mengi ya Kitui na Makueni, huanza mnada. Jogoo, mayai, papai na gorogoro ya ndengu hupandishwa bei mbele ya waumini, na pesa hukabidhiwa mweka hazina. Mara nyingi aliyeleta ndengu hizo ni nyanya ambaye mvua za Oktoba hadi Desemba zilimpa mavuno haba. Ametoa katika kidogo alichonacho. Tangu hapo, sadaka yake imo mikononi mwa watu asioweza kuwafuata ofisini.

Ukambani unajua vizuri uzito wa kuachiwa kazi ya Mungu. Mwishoni mwa 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo. Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa akiwa na miaka 29. Wenzake wengine wakafa, wengine wakarejea kwao, hata kufikia 1899 akasalia mmisionari mmoja tu, William Gangert. Hakuwa mwanzilishi, na ni wachache leo wanaolikumbuka jina lake. Alishika zamu yake mpaka wengine wakafika, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Africa Inland Church.

Kule Kitui kuna Mulango, kituo kilichoanzishwa na Walutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, kisha kikapita mikononi mwa Africa Inland Mission. Hapo ndipo alipozaliwa mwanatheolojia John Mbiti mwaka 1931. Alipata shahada ya uzamifu Cambridge, akafundisha Makerere, akawa kasisi wa parokia Burgdorf, Uswisi. Heshima hizo zilimtosha kustarehe. Lakini uzeeni aliketi na maandiko ya Kigiriki, akalitafsiri Agano Jipya lote kwa Kikamba. Alifariki Oktoba 2019, akiwa amewarudishia watu wa kwao matunda ya elimu yake.

Gangert alibaki wakati kuondoka kulikuwa rahisi. Mbiti alikwenda mbali bila kusahau deni lake. Wote wawili waliichukua huduma kama amana, na mwenye amana hutaka kuiona.

Hapo ndipo makanisa yetu yanapojaribiwa. Wapo wazee wa kanisa walioshikilia funguo na vitabu vya hesabu muda mrefu baada ya zamu yao kwisha, na muumini akiuliza huambiwa ana roho ya uasi. Wapo pia wahubiri wanaomwachia mwanasiasa mimbari kwa sababu ya bahasha. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa mamilioni aliotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Kayole. Uamuzi ule ulionyesha kwamba kanisa linaweza kukosa pesa na likabaki na sauti.

Uaminifu haudai makubwa. Sadaka ihesabiwe na zaidi ya mtu mmoja, iandikwe papo hapo, na waliohesabu watie sahihi. Anayemaliza muhula akabidhi vitabu mbele ya mashahidi. Na kanisa ambalo halijawasomea waumini hesabu zake mwaka huu lianze Jumapili ijayo, kabla mnada mwingine haujafunguliwa.