Mulembe Pembeni mwa Msitu

Huku Malava, magharibi mwa Kenya, tunasalimiana kwa neno moja: mulembe. Maana yake ni amani. Unalisikia sokoni, kanisani, hata kwa mwendesha bodaboda anayekupita mbio. Lakini ukienda kuitafuta amani yenyewe ukiwa peke yako, watu wanashtuka.

Baada ya kumzika mama, nilianza kwenda kila Jumamosi asubuhi kukaa pembeni mwa Msitu wa Malava, karibu na barabara ya Kakamega–Webuye. Sikuwa na ibada maalumu. Nilitaka mahali ambapo hakuna wa kuniambia nijikaze. Juu yangu mbega walirukaruka, na nyuma yangu matrekta ya miwa yakinguruma kwenda kiwanda cha sukari cha Butali.

Wiki ya tatu shemeji yangu akatumwa. "Shemeji, watu wanauliza unamngoja nani kule." Wengine walisema akili imeniruka. Wengine wakanong'ona kwamba nimeingia dini. Siidharau hofu hiyo. Tangu 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, anayejitenga msituni hatazamwi tena kama zamani. Ila hofu hiyo haichagui. Imemnasa hata aliyekwenda kulia tu.

Nikawakumbuka watu wa Roho, waliohukumiwa nao kabla yangu. Wamisionari Wafrendi, yaani Quaker, walifika Kaimosi, huku huku magharibi, mwaka 1902, wakiwa wa kundi ambalo huko Uingereza, karne ya 17, lilifungwa jela kwa namna yake ya kuabudu. Jina Quaker lilikuwa la kejeli: watu wanaotetemeka. Mwaka 1927, pale pale Kaimosi, waumini walijawa na Roho, wakaungama dhambi hadharani, wakalia, wakatetemeka. Misheni ikawakataza, na hatimaye wakatengwa. Kila nikifikiria jambo hili moyo unaniuma: watoto wa waliochekwa kwa kutetemeka waliwahukumu wenzao kwa kutetemeka. Waliotengwa wakajenga makanisa yao, na mpaka leo Jumapili tunawaona barabarani na ngoma zao, kanzu nyeupe na vilemba. Bado wapo wanaowacheka.

Mimi sikuwa na ujasiri wao. Nilianza kubeba kikapu na panga, ili anayepita adhani nimefuata kuni. Kisha nikajikuta nimegeuka: mgongo kwa miti, uso barabarani, nikihesabu nani amepunguza mwendo. Hapo hakuhitajika tena mtu wa kunichungulia. Nilikuwa nimejiwekea askari mwenyewe, ndani yangu, na huyo halali.

Asubuhi moja akatokea kukhu mmoja, bibi mzee, na mzigo wa kuni kichwani. "Mulembe." "Mulembe, kukhu." Akautua mzigo, akaketi kando yangu. Nilisubiri aulize. Hakuuliza. Alinyoosha miguu, akatazama kule mbega walikokuwa, akashusha pumzi ndefu. Tulikaa hivyo hadi jua likafika miguuni petu. Kisha akasimama, akaweka kata kichwani, nikamtwika mzigo wake, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata sikubeba kikapu.