Gari ya zamani katika parsele: iko na bei tatu, si moja

Kati ya Kavimvira na Kalundu si ngumu kupata parsele yenye gari ambayo haijatembea miaka kumi ao zaidi. Hapa ni Land Rover bila pine, imewekwa juu ya mawe. Pale ni Land Cruiser ya pikapu, kuku wanalala ndani ya kabine. Mbele kidogo ni Peugeot 504, mpapai umeota pembeni ya motere. Nyingi kati ya gari hizo zilinunuliwa na pesa ya dhahabu. Baba alishuka kutoka Kamituga ao Misisi na makuta mfukoni, akanunua gari ili ilete pesa ingine barabarani. Kisha pyesi zikakosekana, vita ikaja, ao baba akafa. Gari ikabaki.

Leo karibu kila nyumba iko na simu yenye kamera. Kijana anapiga foto moja, anaitia katika vikundi vya WhatsApp na Facebook, anaandika: "Gari inauzwa, bei tutaongea." Anayekuja wa kwanza ni komisionere. Anazunguka gari mara moja, anacheka, anasema "Mama, hii ni mitraye tu," anatoa bei ya vyuma. Familia inakubali juu mwezi wa shule umefika. Kisha wiki mbili, motere peke yake inauzwa bei kuliko ile yote mama aliyopewa. Komisionere hakufanya uchawi. Alijua tu kwamba gari ya zamani iko na bei tatu.

Bei tatu

Ya kwanza ni bei ya kilo: gari inapimwa kama chuma. Ya pili ni bei ya pyesi: motere, jeboksi, ma-diferansiyeli, milango, kila kitu na mnunuzi wake. Ya tatu ni bei ya gari nzima, yenye karatasi, inayoweza kurudi barabarani.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Kila mtu aulize bei za wiki yake, katika soko lake. Tuseme gari iko na kilo 1 500 na kilo moja inanunuliwa franka 500. Hiyo ni franka 750 000, basi. Sasa tuseme motere inaweza kupata dola 600, jeboksi dola 250, ma-diferansiyeli mawili dola 300, milango na vioo dola 150. Hiyo ni dola 1 300. Lakini hapo utalipa fundi wa kufungua, utangoja miezi, na mifupa ya gari itabaki kwenye parsele.

Bei ya gari nzima inahesabiwa kwa kurudi nyuma. Uliza kwanza: gari ya aina ileile, inayotembea vizuri, inauzwa ngapi? Tuseme dola 6 000. Kuitengeneza mpaka ifike pale, fundi anasema dola 2 800. Mnunuzi naye anataka faida na malipo ya mateso yake, tuseme dola 1 000. Inabaki dola 2 200. Hiyo ndiyo bei unayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote, juu unaweza kumwonyesha njia uliyopitia. Mtu akitoa dola 300 utajua anasimama kwenye bei gani kati ya zile tatu.

Wachimbaji wanajua jambo hili kuliko wengine. Hakuna anayeuza dhahabu bila mizani, na hakuna negosian anayenunua kwa maneno. Gari nayo inahitaji mizani yake.

Soma jina la gari kwanza

"Land Cruiser ya zamani" si jina. Tafuta bamba dogo la chuma ndani ya nafasi ya motere, ufute vumbi, usome herufi. FJ ni motere ya esansi ya silinda sita. BJ ni dizeli ya silinda nne. HJ ni dizeli ya silinda sita. Namba zinazofuata zinaonyesha umbo: 40 ni ile fupi, 45 na 47 ni zile ndefu, nyingi zikiwa pikapu. Aina hii ya 40 ilitengenezwa kuanzia 1960 mpaka 1984. Baadaye ikaja ile ya 70. Ukisoma HZJ75, simama hapo: motere yake inaitwa 1HZ, na motere hiyo ingali inatumika katika Land Cruiser mpya nyingi za mahospitali na mashirika yanayopita barabara zetu. Kwa hiyo hata kama karoseri imeoza, usiuze motere hiyo kwa kilo.

Land Rover iko na siri ingine. Tangu 1948 karoseri yake ni ya aluminiamu, juu kisha vita kuu chuma kilikuwa haba Uingereza. Kwa hiyo kwa nje inaweza kuonekana nzima, na huku shasi, ambayo ni ya chuma, imekwisha kuliwa na kutu chini. Mnunuzi anayejua atalala chini na nyundo ndogo, agonge. Afazali ugonge wewe mbele yake, kabla hajakuja.

Maji ya 2020

Hapa Uvira kuko swali ambalo kila mnunuzi wa Bukavu ao Bujumbura atauliza: gari iliingia maji? Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka njia yake, ukaua watu, ukabomoa manyumba kwa maelfu. Na katika miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika maavenii ya pembeni na pale bandarini Kalundu. Magari mengi yalisimama ndani ya maji na matope.

Kuficha hakusaidii. Matope yanabaki chini ya viti na nyuma ya dashibodi, na pua inayasikia. Fungua kizibo cha jeboksi na cha diferansiyeli: mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia. Kama motere ilizama, usijaribu kuiwasha ili kupiga video. Maji ndani ya silinda hayabanwi. Unaweza kupinda bieli na kuua kitu kilichobaki na bei. Andika tu: "Iliingia maji mpaka kwenye viti, motere haijafunguliwa." Mnunuzi aliye mbali anakata bei kwa kila kitu asichokijua. Ukimwambia ubaya mmoja, anakata ule mmoja. Ukinyamaza, anakata kumi.

Karatasi

Gari bila karatasi inashuka mara moja kutoka bei ya tatu mpaka ya pili. Kabla ya foto yoyote, tafuta karte roze ao karatasi ya zamani ya pleki, halafu linganisha namba ya shasi iliyoandikwa na ile iliyogongwa kwenye chuma. Namba moja ikikosana, sema mapema.

Kama mwenye gari amekufa, gari si ya yule aliyebaki na ufunguo. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, na inawapa robo tatu ya urithi. Mjane yuko katika kundi la pili pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Kwa hiyo mama asiuze peke yake, na baba mdogo pia asiuze peke yake. Familia ikae, ijulikane nani anasimamia urithi, iandike karatasi yenye sinyatire za wote. Bila ile, mtoto aliye Kalemie anaweza kurudi kisha mwaka moja na kudai gari, na mnunuzi atadai pesa yake.

Kuko tena magari yaliyobaki kutoka kampuni za zamani. SOMINKI, iliyozaliwa 1976 na kufungwa 1997, iliacha vyuma vingi huko Kamituga na pembeni. Kwa gari ya namna ile, kusema "ilikaa kwetu tangu zamani" si karatasi. Kama hakuna barua ya mauzo, hakuna kitu cha kuuza.

Safisha, usipake rangi

Tunaona familia nyingi zinatumia dola mia moja kwa rangi kabla ya kuuza. Ni pesa ya kutupa. Rangi mpya juu ya gari iliyokufa inamwambia mnunuzi kwamba chini yake kuko kutu. Fanya hivi: toa kuku, kata majani, osha gari kwa maji na sabuni, vuta mpaka mahali pa wazi, tia upepo ndani ya pine kama ziko. Piga asubuhi ao jioni, wakati jua haliko kali.

Foto kumi na mbili zinatosha. Pembe nne za gari, motere kutoka juu, bamba lenye herufi, ndani mbele, ndani nyuma, shasi kutoka chini, kutu mbaya kuliko zote, karibu kabisa, pine, na karatasi, ukifunika jina na namba kwa kidole. Kama motere inawaka, piga video ikiwa baridi, bila kukata, kutoka kugeuza ufunguo mpaka moshi utoke. Tumikeni mega kwa hiyo. Inauza kuliko maneno.

Maneno nayo yawe mafupi. Mfano:

"Land Cruiser BJ45 pikapu, usukani kushoto, iko Uvira. Haijatembea tangu 2016. Motere inazunguka kwa mkono, haijawaka. Jeboksi nzuri. Sakafu imeoza upande wa dereva. Karte roze iko. Familia imekubali kuuza. Bei dola 2 500, njoo na fundi wako."

Usukani uandikwe. Hapa na Burundi tunapita kuume, kwa hiyo usukani kushoto ni faida. Mnunuzi wa Kigoma anapita kushoto. Kwake ni hasara.

Ile bei ya Amerika

Vijana wanaonyesha kwenye simu FJ40 iliyouzwa Marekani zaidi ya dola 50 000. Ni kweli, zinafikaka pale. Lakini gari ile ilifunguliwa yote, ikajengwa upya na mafundi wanaolipwa kwa saa, na pyesi zake ni za asili. Yako iko Kimanga bila sakafu. Kuifikisha kwa meli kunaomba mashua kutoka Kalundu mpaka Kigoma, reli ao lori mpaka Dar es Salaam, forodha za nchi mbili, kisha bahari. Mnunuzi wa kweli wa gari yako yuko kwenye barabara hii ya RN5 ao ng'ambo ya Gatumba: ni fundi, ni mfanyabiashara, ni mtu aliye na ingine kama hiyo na anakosa jeboksi. Mwandikie yeye.

Kabla ya kubonyeza

Baba aliye shimoni asisikie kwa majirani kwamba gari yake imeondoka. Mtumie zile foto kwanza, mkubaliane bei moja ya chini ambayo hamtaishuka, na mtu moja tu wa kuzungumza na wanunuzi. Watu wawili wakisema bei mbili, komisionere atapita katikati.

Usitume pesa kwa mnunuzi yeyote anayeomba "gharama ya karatasi" ao "ya transporti". Mesaji ya simu si pesa. Angalia solde yako mwenyewe. Gari isitoke parsele kabla pesa yote haijaingia na barua ya mauzo haijasainiwa mbele ya mashahidi, na kopi ya kitambulisho cha mnunuzi ibaki kwenu.

Na kama leo hamuwezi kujibu maswali haya matatu: ni gari gani kwa herufi zake, ni ya nani kwa karatasi, na inauzwa kwa bei gani kati ya zile tatu, msitie foto bado. Gari imengoja miaka kumi. Inaweza kungoja wiki moja tena.