Herufi Ina Heshima Yake
Mwaka 1970 Taifa liliazimia kufuta ujinga wilayani Ukerewe kabla ya 1971 kwisha. Mradi wa kisomo wa Mwanza ulitunga vitabu vya uvuvi kwa wavuvi, vya pamba kwa wakulima. Leo wanafunzi wale, sasa wazee, husimama gatini mbele ya tangazo la serikali wasiweze kulisoma: herufi zimebanwa kama dagaa guniani. Je, huku si kuwarudisha gizani?

Sisi chuoni mwalimu alitufunza kwanza kuchonga kalamu, ndipo tuandike. Kupanga herufi ni kazi ya fundi, si ya yeyote aliye karibu na mashine. Halmashauri zetu ziwaajiri mafundi hao, na kila fundi apewe vijana wa kuwafunza. Tangazo lisilosomeka halijatangazwa.