Nepi ya Mtoto: Unene Uwe Panapolowa

Wengi wetu tumeyaona haya katika Misa ya Dominika. Padre hajamaliza kuhubiri, mtoto anaanza kulia mgongoni. Mama anamnyonyesha, hanyamazi. Anatoka naye nje, anamfungua, na kumbe mkojo umeteremka mapajani mpaka kwenye kanga ya mama, huku nepi kiunoni ingali kavu! Wenzake wananong'ona, "Huyu hajui kulea." Si kweli. Nguo anayo ya kutosha, ila imekunjwa vibaya.

Wengi hukunja pembetatu na kufunga fundo. Ni kazi ya haraka, lakini unene mwingi hukaa kiunoni, ambako mkojo haufiki, na katikati ya miguu tabaka huwa chache. Mtoto hulala juu ya ubichi, ngozi huwa nyekundu, kisha huchubuka. Hapo ndipo kilio.

Kwanza nguo yenyewe. Kanga kuukuu ni bora kuliko mpya, kwa kuwa mpya ina dondo na hainyonyi maji mpaka ifuliwe mara nyingi. Kanga moja ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110. Ikate katikati, upate vipande viwili. Katika kila kipande kata mraba wa sentimita 75 kila upande. Utabakiwa na utepe wa sentimita 35 kwa 75. Usiutupe! Huo ndio utakaookoa kanga yako Kanisani.

Sasa tandaza mraba kitandani, pembe moja ikuelekee wewe. Pembe ya kushoto na ya kulia zilete zikutane katikati, mpaka nguo ifanane na tiara ya watoto, chini imechongoka. Ncha ya juu ishushe, upate ukingo ulionyooka. Ncha ya chini ipandishe. Kwa mtoto mchanga ipandishe sana, kwa mkubwa kidogo. Ule utepe ukunje mara tatu kwa urefu wake, uulaze katikati. Mlaze mtoto, ukingo ulionyooka uwe chini ya kiuno chake, pitisha sehemu nyembamba kati ya miguu, kisha lete mabawa mawili mbele ufunge.

Kwa mtoto wa kiume, utepe uzidi upande wa mbele, na kiungo chake kielekee chini, la sivyo mkojo hutokea kiunoni. Kwa wa kike, uzidi katikati na nyuma.

Ukitumia pini, weka vidole vyako kati ya nguo na tumbo la mtoto. Akichomwa mtu, na awe mama. Pini ilale kwa upana, isisimame. Mtoto ambaye kitovu hakijaanguka, ukingo wa mbele ukunje uwe chini ya kitovu, kipate hewa na kubaki kikavu. Bibi akileta majivu au samadi ya kupaka, mkatalie kwa heshima. Humo ndimo hupita pepopunda. Wala usimnyooshe miguu na kuifunga pamoja. Nyonga changa hutaka mapaja yatanuke, kama vile anavyokaa mgongoni.

Kufua ni sabuni, kisha kusuuza mpaka maji yawe safi, maana sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Anika juani kwenye kamba, si majanini wala kivulini. Yuko inzi wa rangi ya manjano anayetaga mayai katika nguo mbichi na katika mchanga wenye harufu ya mkojo. Vibuu vyake huingia ngozini, na mtoto huota kama majipu, na ndani ya kila jipu mna funza. Pasi ya mkaa huwaua. Piga pande zote mbili, na pindo usizisahau. Kazi hii baba naye anaiweza, mkono wake hautaanguka.

Mavi ya mtoto mchanga yanaambukiza kama ya mtu mzima. Yamwageni chooni, si nyuma ya nyumba. Na Dominika ijayo, kunja nepi tatu tangu nyumbani, utepe umo ndani tayari, ukae karibu na mlango.