Goti lisilosujudu lisipelekwe mbioni

Ijumaa moja baada ya swala ya Alasiri, hapa Ilongero, mzee mmoja wa safu ya kwanza alituuliza swali lililotukosesha jibu. Sisi tunaoandika makala haya ni katibu wa kamati ya msikiti, na kwa muda wa wiki mbili tulikuwa tukisujudu kwa ishara, tumekaa kitini, kwa sababu ya maumivu ya goti la kulia. Mzee alitusubiri tulipokuwa tukivaa viatu, akasema kwa upole: "Ustadhi, asubuhi nilikuona barabara ya Singida ukikimbia. Goti linalokataa sijda linakubalije mbio?"

Tulicheka kidogo, kama achekavyo mtu aliyeshikwa. Lakini swali lile tulilala nalo.

Ni vema tueleze tulifikaje hapo. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Alimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu tu za mia ya sekunde, na ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tangu siku hiyo, vijana wengi wa hapa wameanza kuamka mapema. Tukaona ni kheri kijana aswali Alfajiri jamaa kisha akimbie, kuliko kukesha vijiweni. Tukakusanya vijana sita, tukajiwekea lengo la mbio za Dodoma za mwezi Julai, na sisi wenyewe tukatangaza mbele yao kwamba tutakimbia kilomita zote 42.

Ramadhani ilipoingia tulipunguza mazoezi, tukawa tunakimbia kidogo tu kabla ya kufuturu. Kosa lilikuja baada ya Idd. Tuliingiwa na tamaa ya kulipa deni la mwezi mzima kwa siku chache, na ndani ya wiki mbili tukapanda kutoka kilomita 10 hadi 18. Siku ya kilomita 18, tukirejea kwenye mteremko kati ya mashamba ya alizeti, tulihisi maumivu madogo kuzunguka pia ya goti. Hatukuanguka wala goti halikuvimba. Tulijiambia kwamba ni uchovu, nao utapita.

Haukupita. Mama watoto ndiye aliyegundua mwanzo, kwa kuwa tulikuwa tukiinuka mkekani kwa kushika ukuta. Alipouliza, tulimjibu kwamba ni baridi. Siku ya mazoezi marefu tukameza kidonge cha maumivu kabla ya kutoka, ili vijana wasituone tukichechemea. Kwa hiyo jambo lililokuwa dogo mwilini lilikuwa limekwisha kuwa kubwa moyoni: tulikuwa tukimficha mke, tukiwaficha vijana, na msikitini tukiomba wepesi ambao barabarani hatukuutumia.

Hoja tuliyojitetea nayo ilikuwa John Stephen Akhwari. Nani asiyemjua mwanariadha huyu wa Mbulu? Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka na kuumia goti vibaya, akafungwa bendeji, akaendelea. Alifika uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Tulijisemea: ikiwa Akhwari alimaliza na goti lile, sisi ni nani hata tulalamike?

Tulipolitafakari swali la mzee, tuliona kwamba tulikuwa tumemsoma Akhwari vibaya. Yeye aliumia siku ya shindano lenyewe, akiwa amebeba jina la nchi, na mbele yake hapakuwa na kesho ya kurudia Olimpiki ile. Sisi tulikuwa katika mazoezi ya Jumanne, na mstari wa kumalizia ulikuwa bado uko mbali kwa miezi. Tena Akhwari hakuishia Mexico. Mwaka 1970 alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, jambo asiloliweza mtu aliyelipuuza goti lake. Naye Simbu alipata shaba ya dunia mjini London mwaka 2017, akangoja miaka minane hadi dhahabu. Katika mbio hizi ndefu, mwenye subira ndiye anayedumu.

Katika dini jambo hili liko wazi zaidi. Imran bin Huswein (RA) alipokuwa na maradhi, Mtume (SAW) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Kwa hiyo anayeweza kusimama husimama, na asiyeweza kusujudu hukaa akaashiria. Wepesi huu ni haki ya mwenye udhuru, na hakuna aibu ndani yake. Lakini ni amana pia. Mtu hawezi kuuleta udhuru wake kwenye nguzo ya dini, kisha akauacha nyumbani anapokwenda kwenye mchezo. Tena Abdullah bin Amr (RA), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, alikumbushwa na Mtume (SAW) kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Ikiwa ibada yenyewe iliwekewa kiasi, mbio zina udhuru gani?

Basi tulikwenda Singida mjini kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alitueleza kwamba maumivu ya namna hii mara nyingi huletwa na kuongeza mwendo kwa haraka kuliko misuli ya mapaja na nyonga inavyoweza kubeba. Hakutuambia tulale kitandani. Alitutaka tupunguze umbali, tuache miteremko, siku nyingine tupande baiskeli, na tufanye mazoezi ya kuimarisha mapaja na nyonga mara tatu kwa wiki. Kipimo chake ni chepesi: maumivu yakiwa madogo wakati wa kukimbia na yakatulia kufikia asubuhi inayofuata, endelea, yakizidi, rudi nyuma. Alitukataza kumeza dawa ya maumivu ili tukimbie, kwa sababu huficha onyo la mwili, na baadhi ya dawa hizo zaweza kudhuru figo za mtu aliyepungukiwa maji. Na goti likivimba, likikwama, likiuma usiku au likishindwa kubeba uzito, hilo ni la hospitali bila kuchelewa.

Jioni ile tulimweleza mama watoto ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Goti nilikuwa nalijua. Nilikuwa nangoja unieleze." Siku iliyofuata, baada ya Alfajiri, tuliwakalisha vijana na kuwaambia yote, pamoja na habari ya kidonge. Tulidhani heshima yetu ingepungua. Badala yake kijana mmoja alivua kiatu, akatuonyesha kisigino alichokuwa akikificha kwa karibu mwezi mzima, kwa kuwa alimwona katibu hasimami. Hapo ndipo tulipojua uzito wa mfano mbaya.

Kijana huyo sasa anatibiwa. Sisi tumeacha kilomita 42 kwa mwaka huu, tumeazimia 21, nazo kwa sharti la goti kukubali. Kipimo chetu cha kila siku tumekipata kwa mzee: asubuhi ambayo hatukuweza kusujudu chini, viatu vya mbio havitoki ndani. Wiki iliyopita, katika rakaa ya kwanza ya Alfajiri, paji la uso liligusa mkeka bila maumivu. Tulipotoa salamu, mzee alikitazama kiti kilichokuwa kitupu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na uradi wake.

Wazazi wenzetu, tuwaulize vijana wetu kuhusu miili yao kabla hawajalazimika kutuficha. Wabillahi tawfiq.